Maswali ya Wasomaji: Nilihamia Dodoma, Sala Zangu Zikabaki Dar es Salaam

Barua tatu za mwezi huu zimeandikwa na watu wasiofahamiana, mmoja wa mjini, mmoja wa Bahi na mmoja wa Kongwa, lakini nilipozisoma mfululizo jioni moja barazani niliona kwamba zinauliza jambo moja: mtu afanye nini maisha yanapogeuka, na imani iliyomtosha jana ikaonekana kupwaya leo. Nimezifupisha bila kubadili maana, na majina nimeyaacha. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa kuwa mwandishi wake amesema mambo ambayo wengi huja kuyasema mlangoni kwangu, hasa tangu mji wetu ulipoanza kujaa wageni.

SWALI: Mchungaji, shikamoo, na Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mtumishi wa umma na mama wa watoto wawili. Nilihamia Dodoma mwaka 2017 pamoja na ofisi yetu, na sasa ninaishi Nzuguni. Dar es Salaam nilikuwa katibu wa kwaya kwa miaka tisa. Tulikuwa na mazoezi siku tatu kwa wiki, ibada ya nyumba kwa nyumba kila Jumatano alfajiri, na hapakuwa na msiba wala harusi usharikani nisiyoifahamu. Huku nasali kanisa kubwa, nakaa benchi la nyuma, natoka kabla ya matangazo. Mume wangu alibaki Dar es Salaam kwa sababu ya kazi yake, na mama yangu alifariki mwaka jana. Nilidhani nikishatulia nitairudia hali yangu, lakini miaka imekwenda. Nilihamisha vyombo vyote, hata sufuria zilizotoboka, ila sala zangu zilibaki kule. Hofu yangu kubwa ni kwamba pengine sikuwahi kuwa na imani. Nilikuwa na kwaya tu. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nianzie wapi?
Aliyehama, Nzuguni

JIBU: Marahaba, binti yangu. Amina.

Nianze na hofu yako, maana ndiyo inayokuzuia kufanya jambo lingine lolote. Ukienda Hombolo au Makutupora utaona jinsi mizabibu inavyolimwa: kuna nguzo, kuna nyaya zilizokazwa, na mzabibu umetandazwa juu yake, kwa sababu mmea ule hauna shina la kujisimamisha. Nguzo ikiliwa na mchwa ikaanguka, mzabibu hulala chini, majani yakajaa udongo na vichala vikaoza kabla ya kuiva. Sijapata kumwona mkulima akisimama mbele ya mzabibu wa namna hiyo akijiuliza kama kweli ulikuwa mzabibu au zilikuwa nyaya tu. Huenda kutafuta nguzo nyingine.

Kwaya yako ilikuwa nguzo, na nguzo si kitu cha kudharau. Bwana mwenyewe aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili. Lakini ratiba ile ilikufanyia kazi moja ambayo hukuiona. Ikifika Jumanne jioni hukuhitaji kuamua kwenda kusali, kwa kuwa miguu ilijua njia na wenzako walikuwa wanakungoja. Huku hakuna anayepiga simu kuuliza mbona hukuja mazoezini, kwa hiyo kila sala inahitaji uamuzi mpya, na mtu aliyetoka ofisini Mtumba saa kumi na mbili jioni, akapika, akasimamia kazi za shule za watoto, akafua sare za kesho, hana uamuzi mwingi uliobaki ndani yake. Huo ni uchovu, nawe umeubatiza jina la kukosa imani.

Wayahudi waliopelekwa Babeli pamoja na mfalme Yekonia, yapata mwaka 597 kabla ya Kristo, walikuwa na shida ya jamii hiyo hiyo, tena kubwa zaidi, maana ibada yao yote ilikuwa imefungamana na hekalu la Yerusalemu. Nabii Hanania alikuwa akitangaza kwamba ndani ya miaka miwili mambo yangerudi kama zamani. Yeremia akawaandikia watu wale barua, nayo imo katika sura ya 29 ya kitabu chake, akiwaambia kinyume kabisa: wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoze watoto wao, wauombee amani mji waliopelekwa, kwa sababu mambo yale yatachukua miaka 70. Sisi tunaupenda sana mstari wa 11 wa sura hiyo, ule wa mawazo ya amani. Tunaubandika ukutani na kwenye vioo vya daladala. Mstari wa 5, wa kujenga na kupanda, sijauona kwenye daladala hata moja.

Nakisia kwamba miaka yote hii umekaa Nzuguni kama mtu aliyeketi stendi na begi mapajani. Sikucheki. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na Serikali yenyewe ilikuja kuanza kuhama kwa dhati mwaka 2016. Kwa miaka 43 sisi wenyeji tumeishi katika mji uliozungumzwa kwa wakati ujao, kwa hiyo naijua hali ya kungojea maisha yaanze, na najua kwamba mtu anayengojea huahirisha mengi, sala ikiwa ya kwanza.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza ni dogo, pengine litakuudhi kwa udogo wake: Jumapili ijayo usitoke kabla ya matangazo. Najua yanachosha, na wapo makatibu wanaoyasoma kana kwamba wanalipwa kwa dakika. Lakini ni katika matangazo ndipo kanisa hujulikana, nani kafiwa, nani kalazwa, jumuiya ya mtaa wako inakutana kwa nani wiki hii. Kisha usikimbilie gari. Nje kutakuwa na mnada wa sadaka, kuku aliyefungwa miguu, trei ya mayai, sado ya uwele, vichala vya zabibu ikiwa ni msimu. Nunua kitu, hata ndimu za mia tano, umwulize jina mama atakayesimama kando yako. Usijiunge na kwaya kwa sasa. Ukijiunga mara moja utapata tena ratiba ya kukubeba, na hutajua kama umejifunza kutembea.

La pili ni la nyumbani. Danieli alipoteza nchi, hekalu na hata jina, akaitwa Belteshaza, lakini sura ya sita inasema kwamba alipiga magoti mara tatu kwa siku, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu, kama alivyokuwa akifanya tokea hapo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo ninayoyapenda. Amri ya mfalme ilipotoka, kwamba atakayemwomba mwingine ila mfalme atupwe kwa simba, yeye hakuanzisha mfungo wa siku nyingi wala mkesha. Aliendelea na kitu alichokuwa akikifanya siku ambazo hapakuwa na simba. Watu wengi waliopoa huniambia kwamba wataanza na saa nzima ya maombi kila alfajiri, na wiki ya pili hawapo. Wewe chagua kitu kidogo kiasi kwamba utaweza kukifanya hata siku mtoto ana homa na umeme umekatika: zaburi moja, kwa sauti, kabla ya kushika simu. Nasema kwa sauti kwa sababu sala ya moyoni, kwa mtu aliyechoka, haraka hugeuka kuwa mipango ya siku. Mume wako naye mpigie saa tatu usiku, mseme Baba Yetu pamoja kisha mkate simu, hata siku mliyogombana kuhusu ada.

Sasa nije kwenye jambo ambalo umelitaja kwa nusu sentensi ukapita. Mama yako alifariki mwaka jana. Umeandika mistari mingi kuhusu kwaya, na msiba wa mama mzazi umeuweka baada ya mkato, kama kitu cha kujazia. Sikulaumu, maana ndivyo watu wanavyoandika wakiwa wameumia. Lakini nashuku kwamba sehemu kubwa ya huko kupoa ni kilio kisichopata mahali. Ulikwenda kuzika, ukarudi baada ya siku chache kwa sababu ruhusa iliisha, na hapa Dodoma hapakuwa na mtu aliyemjua mama yako wa kukaa nawe mkekani. Kisha kila Jumapili unaambiwa upige makofi kwa shangwe.

Eliya alipofika mwisho wa nguvu zake, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe, Mungu hakumhubiria. Alimlaza, akamtumia malaika mwenye mkate na maji, akamlaza tena, akamlisha tena, na maswali yalikuja baadaye. Na katika Zaburi mna moja, ya 88, ambayo huanza kwa kilio na kuishia gizani bila neno la kutia moyo, na watu wa Mungu hawakuifuta kitabuni. Isome hiyo kwa sauti siku utakayomkumbuka mama. Kisha waalike wale wa jumuiya ya mtaa, pika chai, waambie kwamba unataka sala ya kumkumbuka mama yako ambaye hawakumjua, uwasimulie alikuwa mtu wa namna gani. Watakuja. Watu wa Dodoma tuna makosa yetu, lakini ukitaja msiba tunavaa viatu.

SWALI: Mchungaji, Bwana asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa na mkulima wa mtama katika Wilaya ya Bahi. Msimu uliopita alikuja mhubiri mgeni, akatufundisha kwamba tukipanda mbegu ya fedha kwa imani mvua haitatuacha. Niliuza mbuzi wawili nikatoa fedha yote. Mvua ilianza vizuri, ikakatika Februari, mtama ukakauka ukiwa unatoa masuke. Jirani yangu ambaye hasali kokote alipata magunia mawili kwa sababu alipanda uwele. Sasa naona aibu kuingia kanisani. Je, nilipungukiwa imani?
Mkulima, Bahi

JIBU: Hukupungukiwa imani, mzee mwenzangu. Ulidanganywa, na aliyekudanganya ndiye anayepaswa kuona aibu.

Nasema hivyo kwa ukali kwa sababu mafundisho ya namna hiyo yanapita vijijini kwetu kila msimu, na yanapofeli, mhubiri amekwisha kuondoka, mwenye mbuzi anabaki kujichunguza dhambi. Bwana Yesu alisema waziwazi, Mathayo 5:45, kwamba Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Na katika mfano wa nyumba mbili, sura ya 7, mvua, mafuriko na pepo zilizipiga nyumba zote mbili. Mjenzi mwenye akili hakupewa ahadi kwamba dhoruba itapita kando. Kama mfano ule ungesemwa Bahi, nadhani pangesemwa kwamba kiangazi kiliyafikia mashamba yote mawili.

Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, takriban yote kati ya Desemba na Aprili, kwa wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na ukame wa katikati ya msimu, hasa Februari, wazee wetu waliujua kabla ya kuja mhubiri yeyote. Ndiyo sababu walipanda uwele. Jirani yako alivuna kwa sababu uwele huvumilia ukame kuliko mtama na hukomaa mapema, na akili ya kuchagua mbegu nayo imetoka kwa Mungu. Mwaka huu changanya, nusu kwa nusu, wala usione kwamba umekosa kumtegemea Bwana.

Lakini swali lako halikuwa la mbegu tu, kwa hiyo niruhusu nikusimulie kuhusu bibi yangu. Alikuwa msichana mdogo wakati wa Mtunya, njaa kuu ya Ugogo ya mwaka 1917 hadi 1920, ambapo majeshi ya vita ya Wazungu yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakosekana. Aliwazika ndugu zake. Mimi nilimkuta akiwa mzee, Mkristo, mwenye desturi moja ambayo utotoni niliiona ya ajabu. Kila asubuhi alipochochea moto alisema Baba Yetu kwa Kigogo, lakini alipofika penye riziki ya leo alinyamaza, akainuka, akaenda kufunua kihenge na kuangalia ndani, akarudi, ndipo akaendelea. Siku ambazo kihenge kilikuwa kitupu, alirudi taratibu zaidi, akakaa kimya kidogo, kisha akaimaliza sala yote mpaka Amina. Sikumsikia hata siku moja akiuruka mstari ule, wala akisema kwamba kihenge kimejaa wakati hakijajaa.

Hilo ndilo ninalotaka ulichukue. Mhubiri wako alikufundisha kusali bila kufunua kihenge. Habakuki, mwishoni mwa kitabu chake, anahesabu kama mkulima anavyohesabu hasara: mtini, mizabibu, mzeituni, mashamba, zizi la kondoo, ng'ombe, kimoja baada ya kingine, vyote hakuna, na ndipo anaposema kwamba hata hivyo atamfurahia Bwana. Hakuanza na furaha. Nenda shambani, ukae penye mabua yale, umweleze Mungu gunia kwa gunia ulichotegemea na ulichokosa, na kama una hasira, mwambie. Zaburi zimejaa hasira ya watu waliompenda.

Bibi huyo huyo, wakati wa masika, alichuma mlenda mwingi kuliko tulioweza kula, akauanika juu ya tembe, akauponda, akauweka kwa ajili ya miezi ambayo majani hayapo. Hakujua kusoma, lakini alifanya hivyo hivyo na maneno ya Mungu: katika miaka ya shibe alijifunza zaburi na nyimbo kwa moyo, moja moja, kutoka kwa mwinjilisti aliyepita na baiskeli. Kwa hiyo ukipata mavuno, usingojee shida nyingine ndipo utafute neno la kushikilia. Ya 23 unaijua, kama kila mtu. Ongeza ya 13, ni fupi, nayo huanza kwa swali la hata lini.

Kuhusu aibu, waambie wazee wenzako ukweli wote, pamoja na ule wa mbuzi. Sidhani kama wewe peke yako ulitoa. Na wazee wa kanisa hilo, wakisoma ukurasa huu, wafungue sanduku la sadaka na kumnunulia mwenzao mbegu kabla ya Desemba, badala ya kumwombea tu.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Nimemaliza chuo hapa Dodoma mwaka juzi, sina ajira, nimerudi nyumbani Kongwa kumsaidia baba shambani. Chuoni niliongoza sala za wanafunzi na nilijisikia karibu sana na Mungu. Sasa nikisali sihisi chochote. Jumuiya ya hapa ni ya kina mama watupu. Je, nimerudi nyuma?
Mhitimu, Kongwa

JIBU: Milele, amina. Mimi si padre wako, kijana wangu, kwa hiyo ya kitubio kamwulize yeye, lakini hili naweza kukujibu: kutohisi si kurudi nyuma. Chuoni mlisali vijana wengi pamoja, mkiwa mmelala vya kutosha na mmeimba kwa saa nzima kwa kinanda na gitaa. Mwili wowote ungehisi kitu. Kongwa unasali baada ya kushinda na jembe, huku ukiwaza simu ya usaili isiyolia. Paulo, akiwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, anasema kwamba amejifunza kuwa radhi katika hali yoyote, kushiba na kuona njaa. Angalia kitenzi chake. Kama mtume alihitaji kujifunza, na kwa miaka, wewe wa mwaka juzi usijihukumu.

Nenda kwenye jumuiya ya wale kina mama. Hawatakupigia kinanda, na rozari yao pengine utaiona ya polepole, lakini wengi wao wamesali katika njaa, katika ndoa ngumu na katika misiba ya watoto, na hilo ndilo somo ambalo chuo hakikuwa nalo. Kaa, uitikie. Huhitaji kuongoza.

Kisha mwone katekista, umwambie unaweza kuwafundisha watoto Jumamosi, mafundisho ya dini na hesabu pia, kwa kuwa una elimu na wao wana mitihani. Kijana asiye na kazi huamini haraka kwamba hahitajiwi na mtu, na fikra hiyo ikikaa moyoni hufika hadi kwenye sala. Usingoje kuhisi kitu ndipo uanze. Mimi nilipoanza kufundisha watoto chini ya mti, nikiwa na umri kama wako, Jumamosi ya kwanza walikuja wawili, na mmoja wao alikuwa amemfuata mbuzi wake. Niandikie wako watakuwa wangapi.